Mikia Mitano ya Bwana Mifugo

Bwana Mifugo alikuwa na sauti mbili. Ya kwanza aliitumia kwa watu. Ilikuwa ndogo, ikitokea puani kidogo, na kwenye mkutano wa kijiji waliokaa nyuma hawakuisikia. Ya pili ilikuwa ya ng'ombe, na ndiyo hiyo hiyo aliyofundishia Kihispania. Hiyo ilivuka korongo. Unapalilia mtama wako upande wa pili, unasikia "trabajo, trabajas, trabaja," unajua leo ni siku ya josho na ng'ombe wamekwisha kuogeshwa.

Sitaandika jina lake. Pale Kewanja, kijiji chetu cha Nyamongo, hakuna aliyelitumia, hata mke wake mbele ya watu alimwita Bwana Mifugo, kama vile ni jina alilopewa kanisani. Habari za kuzaliwa kwake na za ukoo wake pia naziacha, maana sikuzijua vizuri na mwenyewe hakupenda kuulizwa. Ninachokijua ni kile nilichokiona. Tulikuwa majirani kwa miaka mingi, na kwa msimu mmoja alikuwa mwalimu wangu.

Alikuwa mwembamba, mrefu, amevaa koti la kaki ambalo halikuacha kunuka dawa ya josho. Kanisani alikaa benchi la mwisho kwa sababu ya harufu hiyo, na hakuna aliyemwambia akae huko. Angeweza kushika fahali kwa pembe na kumchoma sindano huku wenye fahali wamesimama mbali. Lakini aliogopa mbwa sana. Mbwa yeyote, hata wa kunyonya. Akifika kwenye mji wa mtu wenye mbwa alisimama barabarani na kuita mpaka mtu atoke. Akiwa na mke wake, alijificha nyuma yake waziwazi, na mama yule mfupi akatangulia na kijiti.

Maziwa hakunywa. Alitushauri sisi wote tuwanyweshe watoto maziwa, alituonyesha namna ya kuosha chuchu za ng'ombe kabla ya kukamua, na yeye mwenyewe alikunywa chai ya rangi maisha yake yote. Nilimuuliza siku moja kwa nini.

"Nimeyaona yanakotoka," alinijibu.

Kuhusu dhahabu alikuwa na maneno makali. Miaka ile ilikuwa miaka ya maduara, yale mashimo ya wachimbaji wadogo, kabla ya mgodi mkubwa wenye uzio. Watu walimiminika kutoka Musoma, kutoka Shinyanga, hata Wakenya walivuka kupitia Sirari, na kila mwenye sururu alichimba shimo lake. Mashamba yaligeuka matundu. Vijana waliacha kuchunga. Bwana Mifugo alisema ng'ombe ukimpoteza unamfuata nyayo zake, lakini dhahabu ukiipoteza huna pa kuanzia. Alilisema hilo msibani, harusini, popote alipopata nafasi. Lakini ukitembea naye njiani, uliona macho yake yako chini. Kila jiwe jeupe lenye michirizi aliligeuza kwa ncha ya kiatu, akaliinamia, akalitazama, kisha akaendelea na mazungumzo kama hakuna kilichotokea. Sote tuliona. Tulimheshimu, tukatazama pembeni.

Kihispania kilianza hivi. Ilikuja kampuni ya kuchoronga, yaani watu wa kutoboa ardhi kwa mashine ili wajue chini kuna nini. Waliweka kambi yao kilimani, juu ya maduara. Wakubwa wa kampuni walisema Kiingereza, lakini wachorongaji wenyewe, wale wanaoshika mashine, walitoka Peru na Chile, na hao walisema Kihispania tu. Mkalimani alikuwa mmoja, kijana wa Arusha, na kila mara alikuwa safarini Tarime. Kambi ilitaka wapishi, wafuaji, wabeba mabomba. Ikaenea habari kwamba mwenye kujua hata maneno machache ya lugha yao ndiye anayechukuliwa kwanza.

Hapo ndipo mtu akakumbuka kwamba Bwana Mifugo, ujana wake, serikali ilimpeleka kusoma Kuba.

Tulimwendea watu kama kumi na tano. Mimi nilikuwa na mtoto mmoja, Rhobi, bado yuko mgongoni. Mume wangu alikuwa anachimba upande wa Mto Mara na hakuwa akipata kitu. Nilikwenda na mdogo wangu, Chacha, ambaye alikuja kwa sababu nilimvuta mkono. Bwana Mifugo alitusikiliza, akakuna kidevu, akasema tuje siku ya josho, ng'ombe wakimaliza.

Darasa letu lilikuwa ukuta wa josho. Aliandika kwa ile chaki nene ya kuwawekea ng'ombe alama wakishachanjwa. Siku ya kwanza hakutufundisha salamu kama tulivyotegemea. Aliandika neno moja: trabajar.

"Kufanya kazi," alisema kwa sauti ya ng'ombe. "Ndicho mlichokijia. Sasa tazameni." Akafuta herufi mbili za mwisho, a na r, kwa kiganja. "Nimemkata mkia. Kilichobaki ndiyo mnyama mwenyewe, habadiliki. Mnyama huyu ni wa nani? Sijui. Mkia ndio utakaoniambia."

Akaandika mikia mitano upande wa kulia. Akijigusa kifua alisema trabajo, mimi ninafanya kazi. Akimwonyesha mmoja wetu, trabajas, wewe. Akimwonyesha ng'ombe aliyesimama, trabaja, yeye. Akizungusha mkono kutukusanya sote, trabajamos, sisi. Kisha aligeuka, akanyoosha mkono kule kwenye maduara ambako sururu zilikuwa zinasikika, akasema trabajan, wao. Na ninyi mkiwa wengi, mkia wenu ni huo huo wa wao. Kulikuwa na mkia wa sita, alisema, lakini huo ni wa Wahispania wenyewe wa Ulaya, na hao hawajafika Nyamongo, tusiulishe bure.

Mama mmoja akanyoosha mkono. "Bwana Mifugo, sisi tunasema ni-nafanya. Huyu *ni* wao wamemweka wapi?"

"Swali zuri. Kiswahili mwenye mali anatangulia. Ni, u, a, tu, m, wa, wako mbele, kazi inafuata. Kwao mwenye mali anatembea nyuma, kama Mkurya anavyochunga. Ng'ombe mbele, mtu nyuma. Kwa hiyo hii lugha ni yetu kabisa, msiiogope."

"Na ile *na*, ya kwamba ninafanya sasa hivi?"

"Imo humo humo mkiani. Mkia mmoja, mizigo miwili. Mtu na wakati."

Tulicheka, lakini tulielewa. Mimi niliyeishia darasa la saba nilielewa siku ile ile, na mpaka leo sijasahau.

Ukikosea alikuwa mkali kuliko ulivyokosea. Ukisema "yo trabaja," yaani umejiita mimi lakini umetumia mkia wa yeye, aliacha chaki. "Huo mkia ni wa nani? Umeuchukua wapi? Wewe ni mwizi wa mifugo." Alimwambia hivyo mke wa mchungaji, mama mtu mzima, naye alikaa chini akiwa amenywea. Kwetu mtu kuitwa mwizi wa mifugo si mzaha. Lakini kila alipomkemea mtu alikaa naye baadaye, wengine tukiondoka, akarudia naye mpaka mkia ukakaa mahali pake. Mke wa mchungaji alitoka pale akiwa hodari kuliko sisi.

Kwa wakubwa alitufundisha kitu kingine. Mkubwa humwambii trabajas, maana hiyo ni ya mwenzako. Unamwita usted, halafu unamtumia mkia wa yeye. "Unamzungumzia kama hayupo," alisema, "na yupo mbele yako. Ndiyo shikamoo yao."

Mke wake alikuwa akiuza mitumba, anaifuata Sirari kila wiki, na Kiswahili chake kilikuwa kimechanganyika na cha ng'ambo. Jioni alikuja mpaka kwenye josho na kusimama ameshika kiuno.

"Bwana Mifugo, si ukuje ukule. Hiyo Kispanish haishibishi mtu."

"Nakuja."

"Unakuja tangu saa kumi."

Naye aliweka chaki mfukoni na kumfuata, na sauti yake ikawa tena ile ndogo.

Ulipopita mwezi, kila mtu alikuwa na vitenzi vyake: kupika, kufua, kubeba, kuchimba, kusaidia, kupumua, kusubiri. Vyote vya mkia wa ar, vyote vya wakati wa sasa. Tulimwomba atufundishe ya jana. Namna ya kusema nilipika, nilifua. Alikataa. Alisema tajiri hamlipi mtu kwa kupika kwa jana. Tuliona ni hekima yake.

Chacha alihudhuria mara tatu tu. Rafiki yake Mwita alikuwa amepata nafasi kwenye duara moja lenye mawe mazuri, akamwita. Nilimkataza. Bwana Mifugo naye alimwendea nyumbani, akasimama barabarani kwa sababu ya mbwa wetu, akamwita nje.

"Mura, wewe una sikio. Wenzako wote wanakariri, wewe unasikia."

"Lugha nitasoma mvua ikianza, mzee. Wakati wa mvua maduara yanajaa maji."

"Mkia mmoja kwa siku. Sikuombi zaidi."

Chacha alitabasamu tu. Alikuwa na heshima, lakini alikuwa ameshaondoka moyoni.

Duara lile liliporomoka siku ya soko, mchana. Nilikuwa nauza nyanya. Niliona watu wanakimbia upande mmoja, nikaacha nyanya. Nilipofika, mdomo wa shimo ulikuwa umefunikwa na udongo na magogo yaliyovunjika. Watu walikuwa wanachimba kwa mikono na majembe, wanapokezana. Ndani walikuwa watano, na Chacha alikuwa mmoja wao. Kulikuwa na tundu dogo la hewa pembeni, la zamani, mtu hapiti, na mzee mmoja mchimbaji alikuwa amelala kifudifudi ameweka sikio pale. Alinyoosha mkono tunyamaze. Tukasikia nyundo inagonga mwamba chini. Hafifu, lakini inagonga.

"Wapo," alisema yule mzee. "Ila hewa hawana. Mpaka tufike kwa majembe watakuwa wamelala."

Sote tulitazama kilimani. Kambi ilikuwa na kompresa, ile mashine ya kusukuma upepo. Tuliisikia ikinguruma kila siku.

Nilikimbia. Njiani nilimkuta Bwana Mifugo anakuja na mfuko wake wa sindano, amesikia kelele akadhani ni wizi wa ng'ombe. Nilimweleza huku nahema. Aliutupa mfuko majanini, akageuka, tukapanda naye.

Getini mlinzi alitusimamisha. Tulimfahamu, ni mtu wa Nyarero.

"Mkalimani yuko Tarime, na wakubwa wameenda naye. Yuko msimamizi wa mashine tu, na huyo Kiswahili hasikii. Na mashine haitoki nje ya uzio, ndiyo amri."

"Mwite," alisema Bwana Mifugo.

"Nimwambie nini?"

Bwana Mifugo alisogea pembeni yake. Aliita mwenyewe juu ya uzio, kwa sauti yake ya pili. "Señor." Mara moja tu.

Msimamizi alikuja. Mtu mfupi, masharubu ya mvi, glavu mkononi. Alisema maneno mengi kwa haraka na sikushika hata moja. Nilimtazama mwalimu wangu, nikaona naye hajashika. Nilishangaa. Alisimama ametulia namna alivyosimama mbele ya fahali asiyemjua, mikono chini. Kisha akaanza, neno moja moja.

"Hombres," alisema. Wanaume. Akaonyesha ardhi. "Abajo." Chini. "Cavan." Wanachimba. Akaviringisha mikono kuonyesha udongo unavyoanguka. Halafu aliweka kiganja kifuani, akavuta pumzi, akaitoa. "Respiran." Wanapumua.

Msimamizi aliuliza kitu. Ndani ya maneno yake nilisikia kitenzi kile kile cha kupumua, lakini kina mkia nisioujua. Respiraban.

Bwana Mifugo alitikisa kichwa. "Ban, no," alisema. "An. Respiran."

Baadaye, nilipokuwa nimekaa na watu wale muda mrefu, nilijua aliulizwa nini. Respiraban ni walikuwa wakipumua. Yule mtu alikuwa anauliza kama ni jambo lililokwisha, maana kwao pia migodi inaanguka na alishaona watu wanakimbilia mashine kwa ajili ya maiti. Bwana Mifugo mkia ule hakuujua. Alijua tu kwamba si ule aliousema yeye, na akaukataa.

"Ustedes ayudan," aliongeza. Ninyi mnasaidia. Hakujua namna ya kusema tafadhali saidieni. Alisema tu kwamba wanasaidia, kama jambo linalotendeka tayari.

Yule msimamizi alinitazama mimi. Sijui alimwona nani, mwanamke mwenye mtoto mgongoni na udongo mpaka kwenye nywele. Kilichonitoka kinywani ni kitenzi kile kile, lakini nilikitoa mkia wa wengi nikaweka wa mmoja.

"Respira," nilisema. "Chacha. Respira."

Alivua glavu, akageuka, akawapigia kelele watu wake. Mlinzi akafungua geti bila kuambiwa.

Walifunga kompresa nyuma ya gari, wakashuka nayo. Walipitisha bomba kwenye lile tundu la hewa, wakasukuma upepo, na mmoja wao alikaa pale na bomba mpaka kesho yake. Wengine walichimba na watu wetu. Msimamizi alizungumza na Bwana Mifugo kwa vidole na kwa vitenzi, naye aliwageukia watu wetu na kusema: wanasema tunachimba hapa, si pale. Tunasubiri. Tunachimba tena.

Kabla ya saa sita mchana, siku ya pili, walimtoa Chacha. Midomo ilikuwa imepasuka na hakuweza kufungua macho. Aliomba maji, kisha akauliza Mwita yuko wapi, maana Mwita alikuwa mbele yake. Walitoka watatu wazima. Mwita na mwenzake mmoja hawakutoka hivyo. Tuliwazika, na wale wachorongaji walikuja msibani, wakakaa kwenye mkeka na sisi, kofia magotini.

Wakubwa wa kampuni waliporudi walisikia habari. Badala ya kukasirika walimtafuta Bwana Mifugo, wakamwajiri kuwa mkalimani wa pili. Alipewa buti na kofia ngumu. Kijiji kizima kilifurahi, mke wake akashona gauni. Alipita asubuhi amevaa buti zile, anatembea kama mtu aliyekanyaga maji.

Mwezi haukuisha. Siku moja tulimwona anashuka kilima amebeba buti mkononi, miguuni ana viatu vyake vya zamani.

"Umefukuzwa?" aliulizwa pale dukani.

"Nimeacha. Wanataka ya jana, wanataka na ya kesho. Mimi nina ya leo tu."

Mwenyekiti wa kitongoji alikuwa amekaa kwenye kreti ya soda. Hakuipenda habari hiyo, maana alikuwa amejisifu kwa watu wa vijiji vingine. "Kwani Kuba hukusoma?"

"Nilifika."

"Nimekuuliza kusoma."

"Wakati wote mlikuwa mnauliza kama nimefika. Nilifika." Alikaa kwenye ubao wa duka, akaziweka buti chini kwa mpangilio. Kisha alieleza kwa sauti yake ndogo, na mara hiyo waliokuwa nyuma walisogea wasikie. Alipelekwa Kuba kusomea mifugo. Ya kwanza ilikuwa kufundishwa lugha. Kifua kikamshika, akalazwa, akarudishwa nyumbani kabla masomo yenyewe hayajaanza. Mifugo alikuja kuisomea hapa hapa Tanzania. "Nilipougua," alisema, "tulikuwa tumefika wakati uliopo. Vitenzi vya ar. Vya kawaida."

Watu waliangua kicheko. Mwenyekiti alicheka mpaka akajifuta machozi. Bwana Mifugo hakukasirika wala hakucheka. Alisubiri.

Chacha alikuwa amesimama mlangoni, bado ana bandeji mguuni. Yeye hakucheka. "Mimi ulinitosha," alisema, akaenda zake.

Baada ya hapo darasa halikuendelea, na hatukuwa na haja. Mimi nilipata kazi ya kupika kambini, mke wa mchungaji akapata kufua. Ya jana na ya kesho niliyaokota jikoni, kwa masikio. Bwana Mifugo nilipomwonyesha mikia mipya niliyoipata aliisikiliza kwa makini, akasema ni mizuri, na hakuwahi kuitumia.

Kampuni ile iliondoka. Baadaye ukaja mgodi mkubwa, maduara yakafungwa, wachimbaji wakatawanyika, Geita, Chunya, wengine mpaka Kongo. Mimi na mume wangu tulihamia Mugumu, nikafungua mgahawa karibu na stendi. Siku moja waliingia watalii wa Hispania wenyewe, gari lao limeharibika, nikakutana na ule mkia wa sita. Niliupokea kama mgeni aliyechelewa.

Bwana Mifugo alipostaafu naye alisogea huku, Morotonga, kwa binti yake aliyeolewa hapo. Yeye na mama, mke wake, walijengewa nyumba ndogo ya bati uani. Mtoto wao wa kiume hakuwa nao. Huyo alikuwa ameondoka Kewanja maduara yalipofungwa, amegombana na baba yake juu ya dhahabu hiyo hiyo, akasema atarudi na gari. Miaka ya kwanza alipiga simu. Kisha simu zikapungua, kisha zikakoma.

Mara ya mwisho nilipowatembelea ilikuwa Jumapili, baada ya ibada. Nilimkuta Bwana Mifugo kibarazani, kwenye kiti cha kamba. Macho yalikuwa yameingia ukungu, mikono inatetemeka kidogo. Koti lilikuwa jingine na halikunuka dawa.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Nani? Mama Rhobi? Mbwa wa jirani amefungwa?"

"Amefungwa."

"Basi kaa."

Mama alitoka jikoni na chai, mbili za maziwa na moja ya rangi. Alikuwa na simu mfukoni mwa gauni, na nyingine iliyokuwa inachaji dirishani, ya namba ile ya zamani aliyokuwa akiipigia mtoto. Hakuketi hata kidogo, alianza kunieleza akiwa amesimama. Kuna mtu wa Nyarero ametoka Chunya, amemwona mtoto. Si kumwona hasa, amemwona mtu anayemfahamu. Ana mke huko. Mwezi wa kumi na mbili atakuja.

"Si hata mwaka jana walisema mwezi wa kumi na mbili?" nilisema polepole.

"Mwaka jana barabara ilikuwa mbaya," alijibu, akarudi jikoni kutazama viazi.

Bwana Mifugo alikuwa amekunja mikono. Alingoja mlango wa jikoni urudishwe. Kisha akanisogelea, na kwa sauti yake ndogo akasema Kihispania, ili mama asisikie.

"Ella espera."

Yeye anasubiri. Kitenzi hicho, esperar, alitufundisha kwa maana ya kusubiri tu. Kambini ndipo nilipojua kwamba kwao ni kutumaini pia, hawatenganishi.

Akavuta pumzi. "Yo no espera."

Mimi sisubiri, alitaka kusema. Lakini alikuwa ameupachika mkia wa mama. Hicho ndicho kitu ambacho asingemwachia mtu yeyote darasani. Nilimtazama macho yale yenye ukungu, nikainua kikombe, nikanywa chai.

"Hukusikia?" aliuliza.

"Nimesikia."

"Nimekosea wapi?"

"Hujakosea, mwalimu."

"Nimekosea. Nimeisikia mwenyewe ikitoka, sijui tu ni wapi. Na wewe umenyamaza." Hakupandisha sauti. "Ukinionea huruma kwenye mkia, Mama Rhobi, utanionea huruma kwenye kila kitu. Sema."

"Espero," nilisema.

Aliweka kikombe kwenye kigoda kilichokuwa kando yake, akakipapasa mpaka alipohakikisha kimekaa. Midomo ilijaribu kwanza bila sauti.

"Espero," alisema. Ilitoka ile sauti nyingine, ya ng'ombe, ambayo sikuwa nimeisikia kwa miaka. Mbwa wa jirani akabweka. Nilingoja alirudishe lile neno la kukanusha, aseme yo no espero, sentensi ikamilike. Hakulirudisha. Alirudia tena, polepole, jinsi ilivyokuwa.

Mama alitokeza mlangoni na mwiko mkononi.

"Anasema nini huyo?"

Bwana Mifugo alinigeuzia uso. Hakunikataza.

"Anasema na yeye anasubiri, mama."

Akiwa pale mlangoni, mama alimtazama mume wake.

"Sasa huyo," alisema, "si angesema tangu zamani." Akaingia ndani, akarudi na kiti chake, akakiweka karibu na cha kamba.